Ugonjwa wa woga wa ghafla: kidonge cha haraka na kidonge cha polepole

Mutu akiingia mu duka la dawa huku kwetu Malemba-Nkulu na kusema moyo unamupiga sana, hapati usingizi, anaogopa bila kujua anaogopa nini, si ajabu atoke na vidonge vya diazepamu mukononi. Hakuna karatasi ya munganga, hakuna maswali mengi. Dawa inauzwa kidonge kimoja kimoja, na wengine wangali wanaiita Valium. Wasomaji wetu wa Kamina, Kabongo, Manono ao Kalemie watatuambia kama kwao ni tofauti.

Kidonge kinafanya kazi, na hapo ndipo shida inaanzia. Ndani ya nusu saa ao saa moja mwili unatulia, mutu analala. Kesho yake ao kesho kutwa woga unarudi, naye anarudi dukani. Miezi ikipita, hajui tena kama anakunywa juu ya ugonjwa ao juu ya kidonge chenyewe.

Mu Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo mupya kwa wanganga wa vituo vya kawaida, wale wasiokuwa mabingwa wa magonjwa ya akili. Safari hii waliongeza sehemu nzima juu ya magonjwa ya woga. Maneno yao juu ya diazepamu na ndugu zake, zile dawa zinazoitwa benzodiazepini, hayazunguki: si dawa ya kutibu ugonjwa wa woga wa ghafla kwa mutu mukubwa. Zinaweza kutumiwa tu pale hali imezidi kabisa, siku 3 mpaka 7, kiisha basi. Dawa ya kwanza iwe ya kundi la fluoksetini. Ikikosekana, munganga anaweza kuangalia kundi la zamani zaidi linaloitwa trisikliki. Na pembeni ya dawa, maongezi na mazoezi.

Kati ya karatasi hiyo ya Geneva na duka la dawa la kwetu kuna nafasi kubwa. Ndiyo tunataka kuiangalia hapa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mama mumoja, tuseme, anapanga samaki wake wa kukausha ku soko. Hakuna ugomvi, hakuna habari mbaya. Mara moyo unaanza kukimbia, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka, vidole vinasikia sindano-sindano, kichwa kinazunguka. Ndani ya dakika karibu 10 hali inafika kilele. Anasema “nakufa”, ao anaogopa kama anakuwa kichaa. Anapelekwa lopitali mbio. Wakifika, imekwisha pungua. Wanapima malaria, wanapima tansio, wanasikiliza moyo: hakuna kitu. Anarudishwa nyumbani na neno “hauna ugonjwa”, wakati yeye anajua vizuri kama alikuwa karibu kufa. Kesho yake jamaa wanaanza kusema buloji. Wengine wanamupeleka kwa mufumu, wengine mu chumba cha maombi. Mimi siwacheki, juu mutu aliyeambiwa hana ugonjwa lazima atafute jina la kile kinachomukamata.

Kupima ni lazima, tusidanganyane. Upungufu wa damu, sukari iliyoshuka, pumu, tezi ya shingo, malaria yenyewe, vyote vinaweza kufanya moyo ukimbie. Lakini vipimo vikitoka vizuri mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mashambulizi yanaendelea kurudi, jina lipo na matibabu yapo.

Shambulio moja halifanyi ugonjwa. Watu wengi wanapata moja maishani mwao na linapita. Ugonjwa ni pale yanaporudi-rudi, na katikati yake mutu anaishi akingoja lingine. Anaogopa woga wenyewe. Kiisha anaanza kukimbia mahali ambapo lilimukamata, na mahali ambapo lingemukamata bila mutu wa kumusaidia. Hiyo hali ya pili ina jina lake, agorafobia. Lilitungwa na munganga Mujerumani, Carl Westphal, mwaka 1871 kule Berlin, juu ya wanaume wenye afya yao ambao hawakuweza kuvuka kiwanja kikubwa cha muji peke yao.

Kwetu hakuna viwanja vya Berlin, lakini kuna soko, kuna kanisa lililojaa, na kuna Lualaba. Mugonjwa anaacha kwanza siku ya soko kubwa. Kiisha anaacha mutumbwi, juu katikati ya maji hauwezi kusema “nishusheni”. Mu kanisa anakaa benchi la mwisho, karibu na mulango. Mwishowe anabaki mu lupango, na mutoto ndiye anatumwa kila mahali, hata saa za masomo. Hapo biashara ya mama imekufa, na darasa la mutoto linafuata. Majirani wanasema amekuwa muvivu, ao ana kiburi.

Hapa kuna jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya havitusaidii sana. Vinasema agorafobia ni woga uliopita kipimo cha hatari. Sasa, kipimo cha hatari huku kwetu ni nini? Mwanzo wa miaka ya 2000 mpaka 2006, Wamai-Mai walizunguka sehemu hizi, na upande wa Manono, Mitwaba na Pweto pakaitwa pembe tatu za kifo. Vijiji vilichomwa, watu maelfu walikimbilia kandokando ya ziwa Upemba na kwingine. Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha Mitwaba mu Mei 2006, akahukumiwa kifo mwaka 2009, akatoroka gereza la Kasapa mwaka 2011. Kila mara watu walirudi kuogopa. Na mu Novemba 2023, papa hapa Malemba-Nkulu, kuuawa kwa kijana wa pikipiki kulileta ulipizaji juu ya wakaaji wenye asili ya Kasai. Mutu aliyekataa kutoka inje siku zile hakuwa mugonjwa. Alikuwa na akili.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mutu haliwezi kuwa “unaogopa kutoka?” peke yake. Swali ni hili: njia imekuwa salama, majirani wanapita, wewe mwenyewe unakubali kama leo hakuna hatari, lakini mwili unakataa? Kama jibu ni ndiyo, hapo ndipo tunaongea juu ya ugonjwa. Na aliyepatwa na vita, anayeona usiku picha za yale aliyoyaona, anaweza kuwa na ugonjwa mwingine tena, wa mushituko, ambao unatibiwa kwa njia yake. Hata kwa huo, OMS ilisema tangu 2013 kwamba mutu aliyetoka tu kupatwa na jambo la kutisha asipewe benzodiazepini juu ya mushituko wake mu mwezi wa kwanza. Tuliopokea wakimbizi tunajua ni mara ngapi kidonge cha usingizi kinafikiriwa kuwa huruma.

Tuje ku dawa zenyewe.

Habari yake ilianza pasipo mutu kuitafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mu lopitali ya Hillside kule New York, munganga Donald Klein alijaribu dawa mupya, imipramini, kwa wagonjwa ambao kila mara walikimbilia meza ya wauguzi wakisema wanakufa. Wiki kadhaa zikapita. Wagonjwa wakasema dawa haijawafanya kitu. Wauguzi ndio waliona: hawa watu hawakimbilii tena meza yetu. Mashambulizi yalikuwa yamekatika, lakini wagonjwa waliendelea kuogopa kutoka peke yao, ndiyo maana wao wenyewe hawakuona mabadiliko. Dawa ilizima moto, lakini haikumufundisha mutu kurudi ndani ya nyumba iliyoungua. Ndiyo hali ya dawa zote za ugonjwa huu mpaka leo, na msomaji akikamata hilo moja, yanayofuata yatakuwa rahisi.

Imipramini ni ya kundi la trisikliki. Dada yake klomipramini nayo imepimwa sana kwa ugonjwa huu. Ile inayojulikana zaidi huku ni amitriptilini, juu inatumiwa pia kwa maumivu ya mishipa na kwa huzuni kubwa. Ni ya kundi moja, ila ushahidi wake kwa woga wa ghafla ni mudogo kuliko wa hizo mbili. Kundi hili linasaidia kweli, lakini lina uzito wake: kinywa kinakauka, choo kinakuwa kigumu, usingizi muchana, kizunguzungu ukisimama haraka. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo linaweza kuwa hatari, na vidonge vingi kwa mara moja vinaweza kuua. Mu nyumba yenye watoto, ao yenye mutu aliyechoka na maisha, vidonge hivyo visiachwe juu ya meza.

Kuna jambo lingine ambalo kwetu, inchi ya malaria, lisisahaulike. Coartem, dawa ya malaria ambayo karibu kila nyumba inaijua, haipatani vizuri na kundi hili: inaweza kuongeza nguvu ya amitriptilini ao imipramini mwilini, na zote zinagusa mwendo wa moyo. Haina maana uache kutibu malaria. Maana yake munganga anayekupa Coartem lazima ajue kama unakunywa ile nyingine. Mara nyingi haulizi, basi wewe umuambie.

Fluoksetini, ambayo watu wa Ulaya waliijua kwa jina la Prozac, ilikubaliwa Marekani mwaka 1987. Ndugu zake ni sertralini, paroksetini, sitalopramu na esitalopramu. Mwaka 2022 watafiti walikusanya majaribio 87 yenye wagonjwa 12,800 na kuyatoa mu jarida la waganga wa Uingereza. Walipopima faida pamoja na madhara, kundi hili ndilo lilitokea mbele, na ndani yake sertralini na esitalopramu. Fluoksetini yenyewe si bingwa wa mbio hizo, lakini ndiyo imo ku orodha ya OMS ya dawa za lazima tangu zamani, kwa hiyo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kufika mu vituo vyetu.

Ubaya wa fluoksetini ni mwanzo wake. Siku za kwanza inaweza kumuongezea mutu wasiwasi, kichefuchefu, kukosa usingizi. Ndiyo maana kwa ugonjwa huu inaanzwa chini, mara nyingi miligramu 10 kwa siku, kiisha 20. Nafuu inangoja wiki 2 mpaka 4, na nguvu yake yote inaweza kuchukua wiki 6 ao 8. Hapo watu wengi wanaiacha. Siku ya tano mutu anasema dawa hii inanimaliza, anarudi ku diazepamu ambayo inamutuliza kabla chai haijapoa. Kama hakuna aliyemuambia mapema kwamba wiki ya kwanza itakuwa mubaya na ya nne itakuwa muzuri, kosa si lake. Vijana chini ya miaka 25 waangaliwe karibu zaidi mu wiki hizo, juu kuna wanaopata mawazo ya kujiua. Mama mwenye mimba aseme kabla. Na mutu akipata nafuu asiache siku hiyo hiyo: matibabu yanaendelea miezi mingi, mara nyingi karibu mwaka, kiisha inapunguzwa polepole.

Sasa diazepamu na ndugu zake, alprazolamu, klonazepamu, lorazepamu. Tuwe waaminifu: mu majaribio yale ya 2022, benzodiazepini zilionekana kusaidia, na wagonjwa wachache tu waliziacha katikati. Kwa hiyo anayesema hazifanyi kitu anadanganya. Lakini majaribio mengi ya namna ile yanadumu wiki chache tu, na mama wetu wa samaki anahitaji kuishi miaka. Mwaka 1993 Isaac Marks na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 154 wa London na Toronto, wote wenye woga wa ghafla pamoja na agorafobia. Wengine walipewa alprazolamu, wengine walisaidiwa kutoka inje na kukutana na mahali wanapoogopa, hatua kwa hatua. Wakati wa matibabu njia zote mbili zilisaidia, ila kutoka inje kulisaidia zaidi. Dawa ilipoondolewa, faida ya alprazolamu ikayeyuka. Faida ya kutoka inje ikabaki.

Sababu si ngumu kuielewa. Mutu aliyevuka muto akiwa amekunywa kidonge, rohoni anasema kidonge ndicho kimenivusha. Siku kidonge kinakosekana ku soko, ao boti haijafika, havuki tena. Ongeza kwamba mwili unaizoea ndani ya wiki chache, kipimo kinapanda, na aliyekunywa muda murefu akiikata ghafla anaweza kupata woga mukali kuliko ule wa kwanza, hata kuanguka kama mwenye kifafa. Ukiichanganya na lutuku, pumzi inaweza kukatika usingizini. Na lutuku yenyewe ni diazepamu ya maskini: inatuliza jioni, asubuhi inauza woga mara mbili.

Propranololi, ile ya tansio, inapunguza mapigo ya moyo na kutetemeka, lakini kwa ugonjwa huu haina ushahidi mukubwa, na mwenye pumu asiiguse.

Tumesema dawa haimufundishi mutu kutoka. Nani atamufundisha, na mabingwa wako mbali? Kituo cha Joseph Guislain cha Frères de la Charité kiko Lubumbashi, zaidi ya kilometa 400 kutoka hapa ukipima mustari wa ndege, na mutu asiyeweza kufika ku kisima hawezi kupanda lori siku kadhaa. Wenzetu wa Kivu ya Kusini wana SOSAME ya Bukavu, ya shirika lile lile, mu muji ambao M23 iliingia mu Februari 2025. Kwa hiyo tukisema “bingwa ao hakuna”, tumesema hakuna.

Lakini Kongo yenyewe imekwisha onyesha njia nyingine. Mwaka 2013 jarida kubwa la waganga wa Marekani lilitoa utafiti wa vijiji vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, wenye wanawake 405 waliotendewa jeuri ya kingono. Mu vijiji vingine walipata musaada wa mutu mumoja mumoja, mu vingine walikutana kwa kikundi na kufundishwa namna ya kupima mawazo yao, wakiongozwa na wanawake wa hapo hapo, si wanganga wa chuo kikuu. Miezi 6 baadaye, mu vijiji vya kikundi waliobaki na dalili kubwa za huzuni ao wasiwasi walikuwa 9 kwa 100. Mu vijiji vingine, 42 kwa 100. Ule haukuwa utafiti wa woga wa ghafla, tusichanganye. Lakini unaonyesha kama kazi ya kuongea na kuzoeza inaweza kufanywa na watu wa kijiji waliofundishwa na kusimamiwa vizuri.

Kwa agorafobia kazi hiyo haina siri. Mugonjwa na ndugu mumoja wanaandika mahali panapomuogopesha, kuanzia padogo. Leo ku mulango wa lupango, anabaki pale mpaka woga unashuka wenyewe, hata kama ni dakika 40. Hakimbii wakati umepanda. Kesho tena pale pale, mpaka panamuchosha. Kiisha kwa jirani, kiisha ku kisima, kiisha pembeni ya soko saa ya asubuhi kabla halijajaa. Ndugu anamusindikiza mara za kwanza, kiisha anabaki nyuma, kiisha anabaki nyumbani. Hauli pesa, unakula wakati na uvumilivu, na fluoksetini ikiwapo inafanya hatua za kwanza kuwa nyepesi.

Basi juu ya nini duka lina diazepamu na kituo hakina fluoksetini? Bei peke yake haielezi yote. Haki ya kampuni juu ya fluoksetini ilikwisha Marekani mwaka 2001, na tangu hapo viwanda vingi vinaitengeneza. Mimi naona tatizo ni duara: ugonjwa hauandikwi ku buku la kituo, juu unaandikwa “malaria” ao “tansio”; usipoandikwa, munganga mukubwa wa zone ya afya hawezi kuagiza dawa yake; dawa isipokuwapo, munganga hana sababu ya kujifunza ugonjwa. Jimbo letu la Haut-Lomami lina zone za afya 16, na teritware ya Malemba-Nkulu peke yake ina 4: Malemba-Nkulu, Mulongo, Lwamba na Mukanga. Munganga mumoja aliyefundishwa mu kila moja, na kopo la fluoksetini mu kabati, si ombi la ajabu. Wakubwa wa zone, swali hili ni lenu, na mikrofoni yetu iko wazi kwa jibu.

Kwa musomaji ambaye leo anakunywa diazepamu tangu miezi ao miaka: usiikate kesho asubuhi juu ya kusoma hapa. Nenda ku kituo na vidonge vyako mukononi, sema ukweli wa hesabu, vingapi kwa siku na tangu lini, na kama unakunywa pombe. Upunguzaji unafanywa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, mara nyingine miezi, na munganga anaweza kuanza dawa ya polepole kabla ya kugusa ile ya haraka. Ukiona mutu ameikata ghafla na anatetemeka sana, anachanganyikiwa ao anaanguka, huyo ni wa lopitali siku hiyo hiyo.